Upande wa Kushoto wa Chumba cha Maziwa

Wenzangu wa idara, siku mliponiaga nilipostaafu mliniomba niseme maneno machache, nami nikasema neno moja nikakaa, kwa sababu mwenyekiti alikuwa ameshaongea ya kutosha na keki ilikuwa inalegea kwa joto. Sasa niko nyumbani. Kuku wameshakula, asubuhi ni ndefu, na kalamu iko. Nitaandika yale ambayo ningewaambia, ila sitaandika habari za vyeo. Hizo ziko kwenye faili, na hazijawahi kumfundisha mtu kupima ukuta.

Siku yangu ya kwanza kazini niliimaliza chooni. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi juzi, binti wa pekee kwenye idara ya ujenzi, na nilivaa viatu vya kisigino kwa sababu mama alisema ofisini watu huvaa viatu. Nilikabidhiwa kwa Mzee Barasa, mtu mfupi wa kutoka Bungoma ambaye hakuvua kofia yake ya sufu hata jua liwake vipi. Hakuniuliza jina wala cheti. Alisema, "Twende," tukaenda kwenye shule moja ya wasichana iliyokuwa imejengewa vyoo vipya, vyenye vigae vyeupe ukutani. Mafundi waliviita tailesi, na mpaka leo ndivyo wanavyoviita.

Nikatoa tochi yangu ya chuo, nikaibandika karibu na ukuta, nikamulika kwa ubavu. Ukuta wote ukaota mabonde na vilima. Kila kigae kilikuwa na kivuli chake.

"Mzee, huu ukuta ni mbaya sana," nikasema.

Akanipokonya tochi pole pole, akaizima, akaitia mfukoni mwake.

"Msichana akija hapa, atakuja na tochi ya kumulika ukuta kwa ubavu?"

"Hapana."

"Basi simama pale atakaposimama yeye. Iwe mchana. Uangalie kama mtu aliyekuja na haja yake."

Nikasimama. Ukuta ukawa ukuta wa kawaida tu, mweupe, safi. Tochi alinirudishia baada ya wiki kadhaa, betri zikiwa zimekwisha.

Huyo ndiye aliyenifundisha. Alinifundisha kugonga vigae kwa sarafu: kilichoshika vizuri hujibu kwa sauti fupi, kilicho na uwazi nyuma yake hulia kama debe. Alinifundisha kuweka ubao mnyoofu ukutani na kuchungulia mwanga unapita wapi chini yake. Timazi, uzi na pima maji nilivijua tayari, lakini yeye alinifundisha lini niviache kwenye mkoba. Kisha kulikuwa na kiganja. Kigae kikitokeza kuliko jirani yake, ule ukingo mafundi wa huku waliuita mdomo, na Mzee Barasa aliutafuta akiwa amefumba macho, akipitisha mkono ukutani taratibu kama mtu anayempapasa ndama.

"Mdomo kwenye sebule ya mtu ni aibu ya fundi," alikuwa akisema. "Mdomo huo huo kwenye zahanati ni nyumba ya uchafu. Kwa hiyo ukiulizwa kama kazi ni nzuri, na wewe uliza kwanza: nzuri ya kufanya nini?"

Mengi niliyoyajua baadaye yalitoka kwenye swali hilo.

Si kila kesi ilihusu ukuta. Niliwahi kuitwa na mwalimu mkuu mmoja apimiwe bafu, akidai fundi amezipinda kuta zake. Nikapima juu, nikapima chini, nikagonga kila mahali. Bafu lilikuwa limetengenezwa vizuri kuliko la nyumbani kwetu. Nilipomwambia hivyo alikasirika, na mke wake aliyekuwa amesimama mlangoni akacheka kwa ndani. Ndipo nikajua kwamba fundi mwenyewe alikuwa shemeji yake, na kwamba neno "kupinda" lilikuwa limeanza siku nyingi kabla ya vigae. Mtakutana na kuta nyingi za namna hiyo. Pimeni, andikeni mlichokiona, mnywe chai mkipewa, muondoke.

Lakini kesi ninayotaka kuwaachia ni ya chumba cha maziwa, upande wa Ziwa, ule mji mdogo nje ya Eldoret.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mzee Barasa alikuwa amestaafu, nami nilikuwa nimeachiwa mkoba wake na sehemu kubwa ya wilaya. Wafugaji wa sehemu moja nje ya Ziwa walikuwa na ushirika mdogo, na kwa miaka walikuwa wakipokelea maziwa chini ya kibanda cha mabati. Mvua ikinyesha, matope yalirukia mikebe. Jua likiwaka, maziwa yaliganda kabla lori halijafika, na mama aliyekuwa ameamka alfajiri kukamua alirudi nyumbani na mkebe ule ule aliokuja nao. Kwa hiyo walichangishana wakajenga chumba cha mawe, chenye sakafu ya simiti na vigae ukutani, na idara ilitakiwa kukipitisha kabla ya tone la kwanza kumwagwa humo.

Vigae walipewa wazee wawili wa kutoka mtaa wa Huruma mjini Eldoret, na niliposikia majina yao nilifurahi, kwa sababu nilijua kazi itakuwa rahisi. Mmoja aliitwa Ndegwa. Alikuja Eldoret kijana kutoka upande wa Nyeri, akaoa huku, akazeekea huku. Wa pili aliitwa Kiptanui, mwenyeji wa hapa hapa Uasin Gishu. Walipanga vyumba jirani kwenye ploti moja, wake zao walianika nguo kwenye kamba moja, na kwa miaka mingi hakuna aliyemwona mmoja kazini bila mwenzake. Namna yao ya kufanya kazi ilijulikana mjini: Ndegwa alianza kona ya kushoto, Kiptanui kona ya kulia, wakaja wakikaribiana huku wanaongea. Waliongea mfululizo: ng'ombe, mahubiri ya Jumapili, bei ya unga, nani kaoza binti. Walipokutana katikati ya ukuta, hukuweza kujua wamekutana wapi. Nilishawahi kutafuta pale walipokutania kwa ubao na kwa kiganja, nikashindwa.

Siku hiyo Land Rover ya idara haikupatikana, nikapanda lori lililokuwa linaenda kuchukua mahindi. Nilipokewa na Mama Leah, mwenyekiti wa ushirika, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Nje ya jengo vijana walikuwa wanachimbia nguzo za jukwaa, na chini ya mti akina mama walikuwa wanafanya mazoezi ya wimbo. D.O., yule afisa wa tarafa, alikuwa amealikwa kuja kufungua, na mwenyekiti wa tawi la chama alikuwa ameshaleta picha ya Rais ya kutundikwa juu ya mlango.

"Ni sahihi yako tu iliyobaki, binti yangu," Mama Leah akaniambia. Kisha akashusha sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Lakini kuna upande mmoja unaniyumbia machoni. Labda ni mimi."

Niliingia, na kitu cha kwanza kilichonigusa ni ukimya. Kiptanui alikuwa upande wa kulia anafuta simiti nyeupe kwenye maungio. Ndegwa alikuwa upande wa kushoto anafuta vile vile. Wamepeana mgongo. Kila mmoja alikuwa na chupa yake ya chai karibu na miguu yake. Niliwasalimia, wakaniitikia, kila mmoja kwa zamu yake, kama watu wawili wasiojuana waliokutana benki.

Nikasimama mlangoni mahali ambapo mpokea maziwa angesimama. Upande wa kulia ulikuwa umetulia kama maji ya bwawa. Upande wa kushoto, kuanzia kifuani kwenda juu, mistari ilipanda kidogo ikashuka kidogo, kama mwandiko wa mtu anayeandika kwenye karatasi isiyo na mistari. Kuanzia kifuani kwenda chini haikuwa mistari tu. Vigae vyenyewe vilisukumana, kimoja ndani, kingine nje. Na pale katikati, mahali nilipozoea kupatafuta bila kupaona, sasa pangeonekana na mtu aliye barabarani. Safu za kushoto na safu za kulia hazikukutana.

Nikamwita Kiptanui nje, nikisingizia nataka anionyeshe mfereji wa maji machafu.

"Mzee, kuna nini humo ndani?"

Akatazama mfereji muda mrefu, kana kwamba ndio niliokuja kuupima.

"Macho," akasema. "Macho ya huyu mzee yameingia ukungu. Imeanza pole pole. Kwanza nikaona tailesi moja imekaa vibaya, nikanyamaza. Halafu mbili. Nikawa namngojea aende kula, au nafika asubuhi kabla yake, natoa zile mbaya naziweka upya. Yeye akirudi anapata ukuta umenyooka. Anafurahi. Mimi nafurahi."

"Muda gani?"

"Muda. Kazi kadhaa." Akakuna shingo. "Sasa hapa, siku moja alisahau koti, akarudi. Akanikuta na tailesi yake mkononi. Akaniuliza, tangu lini? Nikamwambia leo tu. Akaanza kugusa ukuta, moja moja, simiti ya nyuma ilikuwa bado laini. Zote zilikuwa za mkono wangu, akazibandua aziweke mwenyewe. Akaniambia, Kiptanui, umekuwa ukinifunika kama mtoto aliyekojoa kitandani."

Akasukuma kokoto mferejini kwa kiatu, kisha akamaliza. "Tangu siku hiyo upande wake ni wake. Alisema nikigusa hata moja anahama ploti. Mke wangu anamsalimia. Mimi ananipita."

"Kwa nini hukumwambia mapema?"

"Wewe ungemwambia?"

Nami nikautazama mfereji. Nilirudi ndani, na Mama Leah akanifuata na ndoo, kwa sababu nilimwomba maji yenye maziwa kidogo ndani yake. Chumba cha maziwa hupimwa kwa maziwa. Hilo sikulisoma chuoni, na hata Mzee Barasa hakunifundisha, lilinijia tu pale. Nikamwagia upande wa kulia. Maji meupe yakateremka mpaka sakafuni, yakaenda zake mferejini. Nikamwagia upande wa kushoto. Sehemu ya juu yaliteremka vile vile, yakifuata ile mistari iliyoyumba bila kusimama popote. Sehemu ya chini yalikaa. Juu ya kila mdomo kulibaki kamstari ka maziwa, na kwenye kona kadhaa matone yalining'inia yakagoma kuanguka.

Mama Leah aliona. Alikuwa mfugaji, hakuhitaji kuelezwa yale matone yatanuka vipi kesho asubuhi. Hata hivyo alinivuta pembeni.

"Weka sahihi, binti yangu. Watu wameshachinja mbuzi mawazoni mwao. Ng'ombe hawaangalii ukuta."

"Hawaangalii, Mama. Lakini maziwa yatakaa humu."

"Nitawapa wasichana brashi wasugue."

"Leo watasugua. Mwaka ujao?"

Akavuta pumzi. "Na huyu mzee? Alimjengea mama mkwe wangu jiko, mpaka leo halijapasuka. Utamwambia nini?"

Hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa. Kuhusu ukuta nilikuwa nimeshaamua. Kumwambia mtu wa umri wa baba yangu kwamba mikono yake ni mizima lakini macho yamekwisha, hilo hakuna ubao unaolipima. Niliwaza kuandika ripoti niende zangu, aje aisomewe na mwingine. Watu wengi wa kazi yetu hufanya hivyo, na siwalaumu sana.

Niliwaomba wengine watoke. Ndegwa alikuwa amekaa juu ya mifuko ya simiti, kitambaa mkononi.

"Ni mbaya?" akaniuliza kabla sijakaa.

"Kuna sehemu nzuri, Mzee, na kuna sehemu siwezi kuipitisha."

"Nionyeshe."

Tukasimama ukutani. Nikaanza kuelekeza kwa kidole: hapa, na hapa, na hii safu yote. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali, lakini nilipotazama macho yake niliona yanafuata sauti yangu. Hayakufuata kidole. Alikuwa anatazama mahali pengine kabisa, kwa heshima, ili asinivunje moyo.

Nikaacha kuelekeza. "Mzee, naomba mkono wako."

Aliutoa bila kuuliza. Ulikuwa mkono mkavu, wenye nyufa za simiti ambazo hazitoki kwa sabuni. Nikauweka kwenye safu ya chini, nikausogeza. Ukagonga mdomo wa kwanza, ukasimama. Nikausogeza tena. Ukasimama. Baada ya hapo aliutoa mkononi mwangu akaendelea peke yake, akainama, akaenda mpaka kona, akarudi na safu ya pili, akarudi na ya tatu. Mimi nilibaki nimesimama nikisikia wale akina mama huko nje wanaimba ubeti mmoja tena na tena, kwa sababu kuna mmoja aliyekuwa anauanza mapema.

"Hii niliweka mimi?" akauliza hatimaye, mgongo wake kwangu.

"Ndiyo, Mzee."

"Na bado nilikuwa nafikiri ni nzuri." Akapapasa tena pale pale. "Zile za nyuma, za kazi nyingine. Amerekebisha ngapi?"

"Mimi sijui. Muulize yeye."

Akajinyoosha. Kisha akaita, si kwa sauti kubwa, "Kiptanui." Na Kiptanui akaingia mara moja, kwa hiyo alikuwa mlangoni wakati wote.

"Ulinifanya nionekane mzima mbele za watu," Ndegwa akamwambia, "na mimi ndiye nilikuwa mjinga peke yangu."

"Hukuwa mjinga."

"Nilikuwa natembea mjini najisifia ukuta wako."

"Ulikuwa ukuta wetu."

"Ungeniambia."

Kiptanui akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. "Ningekuambia, ungekunja vyombo urudi kwenu Nyeri. Nakujua. Halafu mimi? Nitaanza kona ya kulia naenda kushoto, naenda kuongea na nani?"

Ndegwa akakikunja kitambaa chake. Alitafuta ule mfuko wa simiti kwa mkono, akaketi. Mimi nikajifanya nakagua dirisha. Liko dirisha moja tu kwenye chumba kile, na nililikagua vizuri.

Baadaye nikasikia amesema, "Kuna chai kwenye chupa yako? Yangu imepoa."

Tulipomaliza chai nikatoa chaki. Ndegwa alitaka upande wake wote uvunjwe, kuanzia juu hadi chini. Kiptanui naye, kwa kuwa alimwonea aibu mwenzake, alitaka hivyo hivyo. Nikakataa. Nikachora mstari usawa wa kifua, chini yake nikaweka alama kwenye vigae vyote vilivyoshika maziwa, na pale katikati ambapo safu hazikukutana. Juu ya mstari sikuweka alama yoyote.

"Huko juu kunayumba," Kiptanui akasema.

"Kunayumba. Lakini hakuna kilicholegea, nimegonga vyote. Hakuna mdomo, na maji hayakai. Hiyo inapita."

"Si nzuri, inspekta," Ndegwa akasema.

"Si nzuri kama zako za zamani. Lakini kwa kazi ya chumba hiki inatosha, na kitu kinachotosha sikivunji."

Wavunjaji ni wengi, wenzangu. Utakuta kijana ametumwa kupima, na kwa kuwa amebeba nyundo anaona aibu kurudi nayo safi. Kukataa kazi mbaya ni nusu ya kazi yetu. Nusu nyingine ni kujua mahali pa kusimamisha chaki.

Mama Leah alienda mwenyewe kumwambia mwenyekiti wa tawi kwamba chumba hakiko tayari. Huyo akapiga simu ofisini kwetu, na mkubwa wangu akaniita akaniuliza kama najua D.O. ni nani. Nikasema najua. Akaniuliza kama nina uhakika na vigae vyangu. Nikamweleza habari ya maziwa yaliyoning'inia. Akaniambia niende nikafanye kazi nyingine. Nililala vibaya siku hizo, kwa sababu miaka ile mtu aliweza kujikuta amehamishiwa mahali pasipo na kuta kabisa. Mwishowe walipata njia ya Kenya. D.O. alikuja siku ile ile aliyoalikwa, akina mama wakaimba, vidole vikainuliwa juu kwa saluti ya chama, hotuba ikasomwa jukwaani, na utepe ukakatwa mbele ya mlango uliofungwa. Tulipiga makofi. Hakuna aliyeomba kuingia.

Ndani, kazi iliendelea baada ya siku hizo, na nilipata sababu ya kupita huko. Kiptanui alikuwa anaweka kigae, anakigonga kidogo kwa mpini wa mwiko, kisha anarudi nyuma. Ndegwa anapitisha kiganja kabla simiti haijashika.

"Kona ya chini, ingiza kidogo."

"Hapo?"

"Kidogo tena. Umezidisha. Toa."

"Wewe umekuwa mkali kuliko pima maji."

"Pima maji haina miaka yangu."

Na wakaendelea: unga, mahubiri, nani kaoza binti. Maziwa yalianza kumiminwa humo kabla ya mvua, na nilipomwagia ile ndoo yangu mara ya pili, haikubaki hata tone ukutani. Nikaweka sahihi juu ya mkebe uliopinduliwa, kwa sababu meza ilikuwa bado haijafika.

Nilimwambia Ndegwa kwamba huo ukungu machoni huenda ni mtoto wa jicho, na kwamba kuna hospitali ya misheni wanakoutoa. Nilisema tu nilichosikia; mimi si daktari. Alikataa. Akasema jicho si bomba la kuzibuliwa. Sijui Kiptanui alitumia maneno gani kwenye ploti yao, au kama ni wale wake wawili waliomaliza kazi hiyo kwenye kamba ya nguo, lakini mwaka haukuisha kabla hajapelekwa. Kiptanui alimsindikiza. Jicho moja halikufaa kitu. La pili lilifanyiwa upasuaji, likafungwa bandeji, likafunguliwa, na Ndegwa akaona.

Siku chache baadaye walikuja ofisini kwangu wote wawili wamevaa makoti ya Jumapili. Ndegwa alikuwa na miwani minene. Alinitazama uso kwa muda.

"Kumbe wewe ni msichana mdogo hivi," akasema. "Kwa sauti nilifikiri ni mama mzima."

Nikacheka. Akaniambia wamekuja kunichukua, wanataka kwenda Ziwa kuona ukuta, na safari hii Land Rover ilikuwepo.

Tulifika saa ambayo mapokezi ya asubuhi yameisha na sakafu imeoshwa. Mama Leah alituletea chai kwenye sufuria nzima. Ndegwa hakuigusa. Alienda moja kwa moja upande wa kushoto, akainua kichwa, akatazama zile safu za juu. Alitazama sana. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikafikiri analia, kumbe anacheka.

"Inspekta, hii ndiyo ulipitisha?"

"Ndiyo hiyo, Mzee."

"Mimi ningeivunja siku hiyo hiyo." Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Niambie ukweli. Ulinihurumia?"

Ni swali ambalo nilikuwa nimeshajiuliza mwenyewe, kwa hiyo nilikuwa na jibu. "Hapana, Mzee. Nilikuhurumia, lakini si hapo. Hapo nilipima."

Akaurudia ukuta. Alipapasa zile safu kwa kiganja, mpaka mahali mkono wake ulipoishia, kisha akaomba kiti, akapanda, akapapasa na zile za juu kabisa huku Kiptanui amemshika miguu na kulalamika kwamba watu wazima hawapandi viti. Aliposhuka alikuwa ametulia.

"Sawa," akasema. "Imepita."

Akajipangusa mikono. Halafu, bila haraka, akavuka chumba mpaka upande wa kulia, akainama, akalisogeza lile jicho lake jipya karibu na ukuta, akagonga kigae kimoja kwa kidole.

"Na hii hapa nani aliiweka?"

Kiptanui alikuwa ameshamimina chai kwenye vikombe viwili. "Njoo unywe chai yako, wewe mzee," akasema, "kabla haijapoa."